Tundu la Tumboni

Hedley Oxtoby alikuwa mhunzi kabla hajawa fundi wa bunduki za ndege, na hakuchoka kuwakumbusha watu kipi kilitangulia. Vita vilimtoa kwenye karakana yake ya kuwapigia farasi viatu, vikampa cheo cha koplo, vikampeleka kwenye uwanja wa ndege ulio maili kumi na mbili tu kutoka kwao, hukohuko Yorkshire, katikati ya mashamba ya viazi. Kikosi kilikuwa cha Wakanada, vijana wa kucheka kwa sauti na kulalamikia chai. Kazi yake ilikuwa kusafisha bunduki za ndege kubwa za mabomu, kuzijaza risasi, na kila siku kutia sahihi daftarini kwamba ndege iko tayari kujitetea. Alikuwa na miaka arobaini na minne, ulimi mchungu, na magoti yaliyouma kila penye unyevunyevu, na Yorkshire unyevunyevu haukosi.

Sahihi ile ilikuwa nusu uongo, naye alijua. Ndege ilikuwa na bunduki mkiani na nyingine mgongoni, kila moja ndani ya kibanda chake cha kioo pamoja na mtu wake. Tumboni hapakuwa na kitu, hata kitundu cha kuchungulia. Mabwana walioichora ndege ile mezani waliamini kwamba adui ni mstaarabu, atakuja kwa nyuma au kwa juu, mahali anapoonekana. Adui naye alikuwa na akili zake. Alijipenyeza chini gizani, akapanda taratibu, akapiga matangi ya mafuta, na watu saba wakaisha bila kujua kilichowaua. Hayo hayakusemwa ofisini. Yalisemwa kwenye foleni ya chai.

Basi mwezi wa Novemba, mwaka wa arobaini na tatu, alimjia kijana mmoja mwembamba ameshika pakiti ya sigara iliyochorwa kwa penseli. Aliitwa Lorne Haskett, mshika bunduki, mtoto wa mkulima wa ngano kutoka nyanda za Saskatchewan, mwenye miaka ishirini na miwili.

"Mzee, nasikia unaweza kutoboa kitu chochote," alisema.

"Hata wewe nitakutoboa, ukisimama hapo kwenye mwanga wangu."

Kijana akasogea, akamwonyesha mchoro. Hedley aliutazama kwa muda mrefu, akaona haya kwamba hakuufikiria yeye.

Walitoboa sakafu ya ndege nyuma ya chumba cha mabomu, duara la kutosha mtu kuning'iniza miguu. Walifunga humo bunduki moja kubwa, ya risasi nene kama kidole gumba, juu ya nguzo aliyoifua Hedley mwenyewe. Kiti walikitoa kwenye mashine ya kukatia majani iliyokuwa imelala karakanani kwake tangu kabla ya vita. Hakuna aliyewaruhusu na hakuna aliyewakataza. Luteni Cready, ofisa wa silaha, alipita siku moja, akachungulia, akauliza kama baridi haitaingia, akaenda zake. Kwa Luteni Cready huo ulikuwa ushujaa.

Rubani wa ndege ile, Garnet Mulholland, alikubali kumbeba mtu wa nane. Safari ya tatu Lorne akaona kivuli kinapanda chini ya miguu yake, akapiga kelele, akafyatua, na kivuli kikageuka kikapotea. Walirudi wote wanane. Asubuhi Mulholland alimshika Hedley kichwa akambusu kipara mbele za watu, na mzee akatukana mpaka wapishi wakatoka kusikiliza. Tangu siku ile, kila asubuhi wanaporudi, Lorne alimwekea nusu ya nyama yake ya nguruwe ya kukaanga ndani ya mkate, maana chakula kile kilikuwa cha wanaoruka tu. Hedley hakuwa na mtoto. Aliula ule mkate akiwa amesimama, pembeni, na alimpenda yule kijana kupita kiasi ambacho mtu mwenye akili angejiruhusu mahali kama pale.

Kulikuwa na jambo jingine. Warukaji walikuwa wakiona ndege zikipasuka angani bila mzinga wowote kupigwa, mpira wa moto na basi. Ofisa wa taarifa aliwaeleza kwa utulivu kwamba zile si ndege. Ni makombora ya adui yaliyotengenezwa yafanane na ndege inayolipuka, ili kuwavunja moyo. Sanamu za kutishia kunguru, alisema. Vijana walilishika neno hilo kama anayezama anavyoshika jani, na ni nani angewalaumu? Ni rahisi kulala ukiamini umeona sanamu.

Lorne ndiye pekee aliyekuwa ametazama kupitia tundu la chini. "Mzee, sisi nyumbani tuna sanamu za kunguru shamba zima," alimwambia Hedley, huku akimshikia tochi. "Hakuna hata moja iliyowahi kuanguka na injini nne."

Kufikia mwaka mpya marubani wengine watano walikuwa wamekuja, mmoja mmoja, mikono mifukoni, kuuliza kama mzee anaweza kuwatobolea na wao. Aliwatobolea. Akatia sahihi daftarini kwa mara ya kwanza bila kuona haya.

Amri ilikuja wiki ya pili ya Januari. Ndege zote zitafungwa rada mpya, na rada hiyo ina kifuniko kikubwa cha mviringo kinachokaa tumboni, palepale penye tundu. Bunduki za chini ziondolewe. Washika bunduki wa chini wapangiwe kazi nyingine.

Hedley alikwenda ofisini kwa Luteni Cready bila kuvaa kofia, jambo ambalo peke yake lingetosha kumfunga.

"Afande, hiyo rada inaona nini?"

"Miji, Oxtoby. Mito, bandari. Hata kukiwa na mawingu."

"Inaona ndege inayopanda chini yake?"

Cready alitazama dirishani. "Haioni."

"Basi tunang'oa jicho linaloona muuaji, tunatia linaloona mito."

"Nimeandika barua mbili," alisema Cready polepole. "Ya pili nimejibiwa kwamba nisiandike ya tatu."

Hapo Hedley alielewa kwamba hakuna mtu wa kugombana naye. Angepata mtu mwovu angalau angemtukana, roho ikatulia. Lakini huyu alikuwa ni mtu mwenye mafua na mke mjini Leeds, aliyejua ukweli wote na hakuwa na nguvu ya kuufanyia chochote, na aliye juu yake huenda alikuwa vivyo hivyo, na aliye juu ya huyo. Mwenye nguvu ni nani, basi? Mkubwa ni jalala, wanasema, lakini jalala la wakubwa wale lilikuwa mbali mno, koplo hawezi kulifikia hata kwa harufu.

Akavunja kwa mikono yake alichokijenga kwa mikono yake. Alianza na zile tano, akaiacha ya Mulholland mwisho, akisingizia nati zilizoshika kutu. Nati zilikuwa na umri wa wiki nane. Alipata siku nne kwa uongo huo, na siku zote nne mvua ilinyesha na hakuna ndege iliyoruka, kana kwamba mbingu nazo zilikuwa zimepokea amri. Siku ya tano mbingu zikatakata. Mafundi wa rada wakaja na kifuniko chao, na Hedley akang'oa bunduki, nguzo na kiti, akavipanga kwenye nyasi.

Mulholland na watu wake walikuwa wamebakiza safari tatu kutimiza thelathini, na mwenye kutimiza thelathini alipumzishwa akaishi. Lorne alikuwa bado na kumi na nane, na sasa hakuwa na kiti. Aliomba alale sakafuni tu, achungulie popote penye ufa. Wakamwambia uzito wake na wa hewa yake ya kupumulia ni uzito wa mabomu. Akaomba tena, wakamwambia atoke.

Alasiri ile Hedley alikataa kutia sahihi. Alisimama chini ya bawa, daftari kwapani, akawaambia wote kwamba ndege hii haiwezi kujitetea na jina lake haliandiki. Mafundi wenzake wakaweka vifaa chini. Mulholland akaja taratibu, tayari amevaa viatu vyake vya manyoya.

"Koplo, usipotia sahihi hawataniacha nilale. Watanipa ile ndege ya akiba, ile ambayo injini ya tatu inakohoa. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Niache na hii."

"Hii nimeiharibu mwenyewe, asubuhi."

"Najua. Tia sahihi."

Akatia. Jina likatoka bovu, na aliona uchungu ambao hajawahi kuuona hata alipomzika mama yake, maana kule kulikuwa na la kufanya: kulikuwa na kaburi la kuchimba. Waliondoka jua likizama. Lorne alisimama kando yake, mikono imening'inia, akiwatazama watu wake saba wakienda bila yeye.

Asubuhi kiegesho cha ndege ya Mulholland kilikuwa tupu. Ndege nyingine zote zilikuwa zimerudi isipokuwa mbili. Kwenye ukumbi wa chai, mshika bunduki wa mkia wa kundi jingine, kijana mchangamfu mwenye macho mekundu, alikuwa akisimulia kwamba safari ilikuwa shwari, sanamu moja tu, ilipasuka kushoto kwao, karibu kabisa. Alisifu jinsi ilivyofanana na kweli. Lorne aliweka kikombe mezani akatoka nje, na Hedley akamfuata mpaka nyuma ya ghala la mafuta.

"Ungekataa," Lorne alisema.

"Nilikataa."

"Ungekataa zaidi."

Lilikuwa ni neno lisilo la haki, na Hedley alikuwa amejiambia lilelile tangu jua lilipozama. Kijana akalia kwa hasira, uso ukutani. Mzee akasimama karibu, akimkinga na upepo, kwa sababu upepo ndio kitu pekee alichoweza kumkinga nacho.

Wiki haikuisha wakampangia Lorne kazi. Ndege mpya ilikuja kutoka kiwandani ikiwa na rada yake tayari, nono, imepakwa rangi vizuri, na kundi lake lilikuwa limepungukiwa na mtu wa mkiani kwa sababu yule wa mwanzo aliungua masikio kwa baridi. Lorne akapewa mkia. Alikuja kwa baiskeli saa nne asubuhi, akampata Hedley anajaza risasi, akamwomba amkatie kioo cha mbele cha kibanda, kiondoke chote.

Haikuwa ajabu. Wengi wa mkiani walikuwa wanaanza kukata kioo, maana doa la mafuta kwenye kioo usiku hufanana na ndege ya adui, na heri hewa tupu. Hedley alimwambia kwamba huko juu baridi inafika arobaini chini ya sifuri, atarudi bila pua. Lorne akasema pua atampelekea mamake kwa posta. Kisha akasema sababu yenyewe: kioo kikitoka, ataweza kujitokeza mpaka kiunoni na kuinama, aangalie chini ya tumbo. Atakuwa macho ya chini akiwa mkiani. Amelifikiria siku tatu, na litafanya kazi.

Hedley akachukua msumeno. Alikata taratibu, akalainisha kingo kwa tupa, akazishonea ngozi ya hatamu ya farasi ili zisimchane nguo. Lorne alipokwenda kuchukua mkanda wake, mzee alipanda kibandani mwenyewe, akakaa, akajitokeza, akainama mpaka mbavu zikagoma. Aliona nyasi nyuma ya mkia. Aliona magurudumu ya baiskeli iliyolazwa mbali. Mwili wa ndege ulikuwa umeziba vingine vyote, na kifuniko cha rada ndicho kilichomalizia. Tumbo halikuonekana. Mtu angekuwa na shingo ya twiga asingeliona.

Akashuka. Alikuwa na muda wa kusema, na alikusudia kusema, lakini kijana alirudi anatembea upesi, uso umechangamka kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akapanda, akajifunga, akatoa kichwa na mabega nje.

"Mzee, nenda ukasimame chini ya tumbo. Pale pale pa zamani. Inua vidole, mimi nihesabu."

Hedley akaenda. Aliinama chini ya kifuniko cha rada, ambapo hakuona kichwa cha Lorne wala mkono wake, akainua vidole viwili. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka mashambani. Alisikia ngozi ya hatamu ikilalamika, kijana anajinyoosha, anapumua kwa nguvu, anajinyoosha tena.

"Vitatu," Lorne alisema.

Hedley alivitazama vidole vyake viwili. Akainua na cha tatu.

"Vitatu," akamjibu.