Mlango Unaoinuliwa Kwanza

Mgeni alishika kitasa cha mlango wa jikoni, akauinua kidogo, ndipo akausukuma. Ukafunguka bila kelele.

Mimi nilikuwa nyuma yake, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Alikuja akisema anataka suruali yake ipunguzwe, kisha akaomba maji, na kabla sijainuka akanitangulia jikoni. Sasa, mlango ule marehemu baba aliupachika vibaya. Asiye wa nyumba hii huusukuma mpaka bega limuume. Hata shangazi yetu bado hugombana nao kila akija.

"Nani kakufundisha mlango huu?" nikamuuliza.

"Nimeujua kwenye gemu," akajibu, hana hata wasiwasi. "Ndugu yako alinitumia nyumba nzima, nimeshaizunguka vyumba vyote. Nilitaka tu niione kwa macho kabla hatujaandikishana mauziano."

Nilishika meza.

Gemu lile tumekua nalo, mimi na mdogo wangu, kitindamimba wa mama. Ni mji mdogo: unatembea, unaendesha gari, unaingia majumbani mwa watu. Kampuni iliyolitengeneza ililitupa zamani, lakini wapenzi wake walikataa kulizika. Huyu analiongezea mvua, yule barabara, mwingine anarekebisha nyuso zilizokuwa za pembe pembe kama matofali. Mdogo wangu alikuwa fundi wao wa nyumba. Siku aliponiambia, "Dada, nataka kuiweka nyumba yetu mle, isije ikapotea," nililia. Mimi, ambaye mdomo wangu unaogopwa mtaa mzima, nililia mbele ya mtoto niliyembeba mgongoni. Nikamshikia futi kila chumba. Nikamsogezea kabati. Nikamwambia, "Mlango wa jikoni usiusahau. Uinuliwe kwanza, la sivyo hapatakuwa kwetu." Akacheka, akasema atauweka hivyo hivyo.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na mimi riziki yangu ni nguo. Ningekuwa wa kwanza kukiona.

Mgeni aliondoka na suruali yake bila kupimwa. Jioni mdogo wangu akaja na kompyuta yake kwapani, akakaa ukingoni mwa kiti kama aliyekuja kuposa.

"Nilikuwa nitakwambia, Dada."

"Lini? Nikishatandika mkeka barabarani?"

"Hati ina jina langu."

"Na baba alikuachia neno gani pamoja na hiyo hati?"

Neno analijua, tulilisikia wote wawili kando ya kitanda: dada yako asihamishwe.

"Lakini nyumba haijapotea," akasema, akiifungua kompyuta mezani. "Iko humu. Bati halivuji, nyufa nimeziba. Unaweza kuingia wakati wowote."

"Nikalale ndani ya kompyuta?"

Simu yake ikaita, akatoka nje kuipokea. Sikutaka kutazama, nikatazama. Nikaingia barazani, nikapita sebuleni, nikafika jikoni. Mlango niliuinua, ukafunguka. Kusema kweli alifanya kazi nzuri, kuta zimenyooka kuliko zetu, na hilo lilinichoma zaidi kuliko hati.

Kisha nikaingia chumbani kwangu. Kitanda hakikuwepo. Cherehani haikuwepo, wala ule msumari ninaotundikia nguo za wateja. Kilikuwa chumba cheupe, kipana, kimefagiliwa, kinamsubiri mtu.

Nikaikumbuka siku alipopiga picha vyumba vya kuweka kwenye gemu. "Dada, toa vitu vyako kidogo, nipate mwanga," aliniambia. Cherehani yangu ni ya chuma, nzito. Niliibeba mwenyewe mpaka uani, nikamkataza yeye asiiguse, asije akaumia mgongo.