Uzi Mwekundu Ndani ya Kola

Wazo la uzi mwekundu lilikuwa langu. Nalisema mapema asije mtu akamtupia lawama mwenyekiti wetu. Yule mama ni nesi mstaafu, mpole, mwenye subira ya ajabu, na alinikataza. Mimi nikamshinda kwa mdomo.

Kikundi chetu tuko wanane. Kila Jumamosi asubuhi tunakutana kwenye stoo ya seremala mmoja, tunasukuma mbao zake pembeni, tunapanga meza na vyerehani, tunashona sare za shule kwa watoto ambao wazazi wao wamekwama. Ni kazi ya kujitolea. Na tulikuwa na utaratibu mmoja ambao nesi aliulinda kwa wivu: hatuulizi jina la mtu. Mzazi anaandika vipimo vya mtoto kwenye kikaratasi chenye namba, anakitumbukiza kwenye sanduku lililo nje ya stoo, na baada ya wiki mbili anakuta mfuko wenye namba ile ile kwenye rafu ya barazani. Anauchukua, anakwenda zake. Hakuna wa kumwuliza.

Siku moja nikaliona shati letu limetundikwa kwa muuza mitumba. Mshono wangu naujua, huwezi kunidanganya. Damu ikanichemka. Jumamosi iliyofuata nikawaambia wenzangu kila shati tulishonee mstari wa uzi mwekundu ndani ya kola, ili likikutwa sokoni muuzaji akose la kusema.

"Tulisema hakuna majina," nesi akasema. "Huo uzi si sawa na jina?"

"Mama, uzi uko ndani ya kola! Nani ana muda wa kuchungulia shingo ya mtoto wa mwenzake?"

Wenzangu wakacheka. Nesi akaendelea kushona vifungo. Nilijiona mjanja kweli kweli.

Muhula ule kikaja kikaratasi kimoja kilichonifurahisha sana. Wazazi wengi huandika "mtoto wa darasa la sita, mwembamba," utadhani sisi ni wapiga ramli. Hiki kilikuwa na bega, kifua, shingo, urefu wa mkono, na chini kabisa: "Acheni pindo pana, bado anakua." Herufi zilikuwa kubwa mno, nyingine zimepanda juu ya mstari, nyingine zimeteremka. Nikawasomea wenzangu kwa sauti. "Huyu anajua kazi!" nikasema. Shati lile nililishona mwenyewe, nikaliachia pindo pana, nikamalizia na uzi mwekundu ulionyooka kama rula.

Nina dada mkubwa. Mama alipofariki ndiye aliyenilea, na ndiye aliyeniketisha mbele ya cherehani miguu yangu ikiwa bado haifiki chini. Alikuwa na sheria moja: uzi ukionekana kwa nje, fumua, anza upya. Wakati huo wa mashati ilikuwa imepita miezi minne sijatia mguu kwake. Nikimpigia simu anasema, "Hatujambo, mdogo wangu. Wewe endelea na kazi zako za watu." Nami nikaendelea na kazi zangu za watu.

Basi shule ikatualika siku ya wazazi, ili tushukuriwe. Wanafunzi wote wamekaa chini uwanjani kwa safu, wazazi kwenye mabenchi, sisi mbele kwenye viti vya walimu. Nesi alipaswa kuzungumza, akasema anatosheka na kukaa. Nikasimama mimi. Nilianza vizuri. Lakini watu wakapiga makofi, na makofi yana wazimu wake. Nikataka wageni waione kazi yenyewe.

"Wanangu," nikasema, "wenye mashati yetu, geuzeni kola kidogo, wazazi wauone ule uzi mwekundu!"

Hakuna aliyejigusa. Nikadhani hawajanisikia, nikarudia, tena kwa tabasamu. Hapo watoto wa safu za nyuma wakaanza kuvuta kola za wenzao wa mbele. "Huyu hapa! Na huyu! Mwekundu, mwekundu!" Kicheko kikatambaa uwanja mzima. Mwalimu mkuu akapiga filimbi, wapi. Kwenye safu ya darasa la sita msichana mmoja alikuwa ameinamisha kichwa, mikono yote miwili kisogoni, na mwenzake anamvuta vidole kimoja kimoja. Alipoinua uso nikamwona. Alikuwa binti wa dada yangu.

Tulitazamana. Sijui niliketi vipi. Nakumbuka tu nesi alinishika mkono, hakusema "nilikwambia," na nilitamani angesema.

Siku ya tatu nikasikia mtoto haendi shule. Nikaenda. Dada alikuwa ameketi mlangoni kwenye mwanga, shati limelala mapajani, wembe mkononi. Alikuwa anapapasa kola kwa kidole gumba, anatafuta mshono. Wembe ulikuwa umeshachana kola sehemu mbili. Nikasema hodi, akageuza uso kuifuata sauti, bila kunipata kwa macho. Macho yake yalikuwa na ukungu. Ndani, mahali cherehani chake kilipokuwa kikikaa siku zote, palikuwa na ndoo.

"Dada, macho yamekuwaje?"

"Mtoto wa jicho. Alianza mwaka jana, miezi hii amezidi."

"Na hukuniambia!"

"Ungefanyaje? Ungenishonea uzi?"

Nilipiga magoti nikaanza kuomba radhi, maneno yanatoka ovyo. Akanikatiza.

"Nilitumia kikaratasi kwa sababu mlisema hamuulizi jina. Nilijua ni kwenu. Nilisema, mtoto avae shati la mkono wa mama yake mdogo, na mdogo wangu asijue kwamba nimekwama. Nilipolipapasa nikafurahi. Pindo pana, mabega yamekaa. Nikasema, nilimfundisha vizuri."

Akaninyooshea shati na wembe.

"Nifumulie. Mimi huo uzi siuoni. Shule nzima inauona."

Nimefumua mishono mingi maishani mwangu, lakini siku ile nilifumua polepole, tundu moja moja. Uzi ulikuwa imara, nilikuwa nimeushona mara mbili. Nikautoa wote, nikaziba mipasuko miwili kwa mkono kwa uzi mweupe, nikapitisha pasi. Dada alikaa anasikiliza, na aibu ikanipanda mpaka masikioni. Nilikuwa nimewasomea watu kikaratasi chake kwa sauti. Ningeutazama vizuri kidogo tu ningeutambua.

Binti akatoka chumbani. Alinisalimia, "Shikamoo, mama mdogo," kwa sababu amelelewa vizuri, bila kunitazama.

"Na wenzangu?" akauliza. "Wao utawafumulia?"

"Nitawafumulia wote, mwanangu."

"Utawajuaje?"

Hatukuandika majina, na nikiwaita wenye uzi waje, nitakuwa nimewasimamisha uwanjani mara ya pili. Binti akavaa shati juu ya gauni lake, akanipa mgongo na kuinua kola.

"Angalia, mama mdogo. Panaonekana?"

Uzi haukuwapo. Lakini sindano yangu ilikuwa imeacha matundu, yamejipanga kwa mstari, na kitambaa pale kilikuwa kimebaki cheupe kuliko kwingine. Dada aliinua uso, naye anasubiri jibu langu.

"Hapaonekani," nikasema.

Mtoto alishusha kola akatoka nje, mkono mmoja kisogoni.