Ulezi Katika Ukumbi wa Ihanda

Jumamosi ya pili ya mwezi Juni, mwaka 1952, saa nane mchana, Fanueli, katibu wa kamati ya ukumbi wa Ihanda, alifungua mlango ili apange mabenchi kwa ajili ya mchezo wa mavuno. Alikuta ulezi umeota. Ulikuwa umepita kwenye saruji bila kuipasua, umekomaa, na masuke yake yalimfika kifuani. Fanueli alipanga mabenchi katikati ya mashina. Kisha alifuta ubaoni maneno ya kuwakumbusha waigizaji waje na ulezi kutoka nyumbani.

Hakuna aliyeuliza umetoka wapi. Mahali pale palikuwa shamba la Felista, mjane wa Rubeni, mpaka Mwene, mtawala wa eneo lile, alipoamuru pajengwe ukumbi. Felista aliahidiwa shamba jingine. Miaka miwili ilikuwa imepita, naye alikuwa bado anasubiri, na watoto wake wawili walikuwa wakila kwa jirani. Kila jioni alimwomba Mungu amrudishie shamba, akilitaja kwa mipaka yake: mkuyu, kijito, njia ya Igamba.

Mchezo ulitungwa na Mwalimu Watson. Ulihusu tajiri mchoyo anayeugua, anatubu, na kumsaidia mjane. Watson mwenyewe aliigiza tajiri. Sehemu ya mjane alimpa Felista.

"Wewe ndiye unayejua kuvuna," alimwambia. "Wenzako wanashika kisu kama wanamenya viazi."

Ukumbi ulijaa. Watu walitenga mashina kwa mikono ili waone jukwaa. Mwene aliketi benchi la mbele, na suke moja lilimgusa sikio tangu mwanzo hadi mwisho. Zamu ya Felista ilipofika, alishuka jukwaani na kapu na kisu, akavuna kati ya magoti ya watu.

"Inama vizuri, Felista!" alipaza sauti jirani yake, Aida. "Tulidhani kiuno kimezeeka!"

Watu walicheka. Felista naye alicheka, akaendelea kukata.

Mwishoni tajiri alipaswa kumpa mjane kapu tupu akalijaze ghalani. Lakini kapu lilikuwa mikononi mwa Felista, na lilikwisha kujaa. Watson alitazama huku na huku. Aliona jembe lililoegemezwa ukutani kando ya pazia, akalichukua.

"Pokea, mama," alisema. "Shamba hili ni lako na watoto wako."

Hivyo ndivyo mashamba yalivyokabidhiwa huko Ihanda tangu enzi za mababu: jembe hutolewa kwa mpini, mbele ya mashahidi, Mwene akiwapo. Felista alipiga magoti, akalipokea kwa mikono miwili. Kisha Mwene alipiga makofi, na watu wote wakapiga.

Watu walipoanza kutoka, Felista alikwenda mbele ya Mwene akiwa na jembe.

"Mwene, nimepokea mbele ya macho yako."

"Umeigiza vizuri, mama."

"Jembe limetolewa. Mashahidi ni hawa wote."

Mwene hakukasirika. "Maneno ya jukwaani hubaki jukwaani, mama."

"Jukwaa lenyewe limesimama shambani kwangu, Mwene."

Wazee wawili waliokuwa karibu walitazama viatu vyao. Mwene alisimama, akapangusa makapi begani.

"Mchezo umekwisha," alisema kwa upole, akatoka.

Kamati iliamua kwamba kilichoota ukumbini ni cha ukumbi. Walivuna kilichobaki, wakachukua na kapu la Felista. Yeye alirudi nyumbani na jembe, na punje zilizonasa kwenye khanga yake. Aliikung'uta khanga juu ya kinu, akatwanga, akasaga, akawapikia watoto uji. Waligawana kikombe kimoja, wakamshukuru Mungu.

Kesho yake baada ya ibada, Fanueli alifika mlangoni kwa Felista.

"Jembe ni mali ya ukumbi, mama. Mimi nimetumwa tu."

"Najua, baba."

Felista alilifuta udongo, akampa kwa mpini.

Mwaka uliofuata ulezi uliota tena. Kamati ilikuwa imekwisha kubandika tangazo mlangoni: watazamaji wasikanyage ulezi. Mwalimu Watson alimwomba Felista awe mjane kama mwaka uliopita, naye alikubali. Ilikuwa siku pekee katika mwaka aliyoruhusiwa kuvuna shamba lake.