Maji ya Moto Hapana? Ndiyo

Tone la mafuta ya cherehani lilidondoka kwenye kifua cha gauni, mahali pale pale ambapo macho ya watu yangetua. Fundi alishika kichwa. Mwenye gauni alikuwa anaolewa kesho yake, na kitambaa kiliagizwa mbali; hapo mtaani hakuna duka lenye mfano wake.

"Tulia, wifi," alisema wifi yake, mdogo wa kike wa mume wa Fundi, aliyesoma mpaka sekondari. "Mafuta dawa yake maji ya moto. Lete ile karatasi ya maelezo iliyokuja na kitambaa tuone wanasemaje."

Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, tena cha kuungaunga. Wifi aliisoma, akaigeuza, akaisoma tena. "No hot water? Yes."

"Ndiyo kusemaje?"

"Wameuliza, maji ya moto hapana? Wakajibu, ndiyo. Sasa hiyo ndiyo ni ya nini? Nadhani wanakubali. Tutie ya moto."

"Una hakika?"

"Ningekuwa mtu wa hakika, si ningeshaolewa?"

Wakacheka, ila Fundi alicheka kwa meno tu. Moyo ulikuwa kwenye beseni, pamoja na gauni.

Birika lilipochemka, wifi aliliinua. Kabla hajamimina, akapaza sauti kuelekea mlangoni, mama yake alikokuwa akichambua mchele.

"Mama, hutaki chai kwanza?"

"Ndiyo."

Fundi, aliyekuwa ameshatoa kikombe, akakirudisha kabatini. Wifi akakitazama kikirudi, birika likabaki hewani.

"Wifi wee! Mama kasema ndiyo, wewe unarudisha kikombe?"

"Si hataki?"

"Ndiyo hiyo hiyo! Aliyeandika karatasi anajibu kama mama! Hutaki maji ya moto? Ndiyo, sitaki!"

"Mimi nimeingiaje kwenye nguo zenu?" mama akauliza.

Wakachukua kipande kilichobaki kwenye ushonaji, wakakimwagia maji ya birika. Kikajikunja chote, kikawa kama jani lililopitiwa na moto. Wifi akaliweka birika chini.

Fundi akaleta maji baridi na sabuni. Alisugua kwa ncha ya kidole, taratibu, mpaka doa likalegea, likafifia, likaondoka.

Jioni bibi harusi alikuja kulijaribu gauni. Akazunguka mbele ya kioo, na kifuani hakuangalia hata mara moja. Macho yote yalikuwa kwenye pindo, linavyopaa na kutua. Fundi akaketi, akamwacha azunguke mpaka achoke mwenyewe.