Nyumba ya Kata ya Kusini

Siku mama mkwe wake Dympna alipozikwa, mji wao wa kaskazini mwa Ireland ulipata wapiga kura wawili wapya, na mabwana wa halmashauri walilijua hilo kabla udongo wa kaburi haujakauka.

Sheria ilikuwa hivi, na sisi tulioionja hatuisahau: kura ya halmashauri ni ya mwenye nyumba au aliyepangishwa, pamoja na mkewe. Waliobanana chumba cha nyuma kwa wazazi hawakuwa watu. Dympna alikuwa amevuka miaka thelathini, vidole vimekufa ganzi kwa kushona kola za mashati, na hajapiga hata kura moja. Tajiri wa kiwanda, kwa ajili ya makampuni yake, alikuwa na sita za nyongeza.

Sasa bibi kizee kafa, na nyumba imekuwa ya mwanawe, Eunan. Ilikuwa Kata ya Kaskazini, ambako Waprotestanti walitushinda sisi Wakatoliki kwa kura chache mno, watu wa kuenea benchi moja la kanisa.

"Mke wangu, uchaguzi wa Mei hii tunawang'oa," Eunan alisema akimmiminia chai. Wanaume wa mji ule hawakuwa na kazi. Kazi walikuwa nayo wake zao.

Wiki ile ile akabisha hodi Bwana Haslett wa ofisi ya nyumba za halmashauri.

"Pole kwa msiba, Bi McGlinchey. Bahati yenu imefika. Nyumba mpya, kavu, ina bafu ndani na vyumba vya juu."

"Kata gani?" Eunan akauliza kutoka jikoni.

"Kusini."

"Si nilijua! Miaka yote tunaomba, hata jibu hamna. Leo mnatuletea mlangoni kama maziwa!"

"Msipoitaka, bwana, wenye kuitaka wapo. Nijibuni Ijumaa."

Kusini ndiko walikotulundika, Wakatoliki juu ya Wakatoliki, mpaka mgombea wetu angeshinda huko hata akiwa amelala. Kura ya huko ilikuwa maji ya kumwagia mtoni. Kwa mipaka hiyo, sisi tuliokuwa wengi mjini tulipata viti vinane, wao wachache kumi na viwili, halafu wakatuambia wengi wameshinda.

"Tukatae," Eunan alisema mgeni alipoondoka. "Mpaka Mei tu."

"Na Colm?"

Mtoto wao alikuwa chumba cha nyuma, anakohoa kando ya ukuta ulioota ukungu.

"Dympna, wanataka uchague hivyo hivyo."

"Najua wanachotaka! Unadhani mimi mjinga? Kalale wewe upande wa ukuta ule, usikilize kifua chake kikikoroma, halafu uje unihubirie Mei!"

Eunan akakiinamia kikombe chake. Ijumaa Dympna akaenda mwenyewe kuchukua ufunguo.

Mei alivaa koti la kanisani, akapiga kura yake ya kwanza. Kusini tukashinda kwa kishindo. Kaskazini tukashindwa, kwa pengo lile lile dogo. Na ikajulikana kwamba mtaani kwao kwa zamani bahati ya Bwana Haslett ilikuwa imebisha milango mingine minne, yote ya Wakatoliki.

"Haya, mheshimiwa mpiga kura!" Philomena, mshonaji wa mashine ya jirani, alimtania kiwandani. "Tamu?"

"Nimempigia mtu aliyeshinda kabla sijanawa uso."

"Afadhali wewe una bafu la kunawia, shoga!"

Wanawake wakaangua kicheko. Dympna akacheka nao, mpaka alipomwona tajiri wa zile kura sita akipita katikati ya mashine, anasalimia kwa furaha.

Jioni alimkuta Colm akipanda ngazi mbio, akishuka, akipanda tena, bila kikohozi. Eunan alikuwa ameketi kidato cha chini.

"Sema basi," Dympna akamwambia. "Sema nimewauzia mabwana wale kura zetu."

"Siwezi. Msikie anavyopumua."

"Namsikia," akasema, hajavua hata koti. "Na kila anapovuta pumzi, nawachukia zaidi."