Umri wa Gitaa la Baba

Siku baba alipofariki, gitaa lake lilikuwa bado limechomekwa kwenye amplifaya. Alikuwa amelilaza kitandani kama mtu anayetoka kunywa maji mara moja, akaanguka ukumbini. Watu wakajaa, viti vikaazimwa kwa majirani, na chumbani taa nyekundu ya amplifaya ikaendelea kuwaka huku spika ikinguruma chini chini. Jioni binti yake akaingia kuchomoa waya. Hapo ndipo alipojua kwamba nyumba imenyamaza.

Tangu utotoni baba alimwambia kwamba yeye na gitaa lile ni rika, limetoka kiwandani mwaka uleule aliozaliwa. "Pacha wako huyo," alikuwa akisema. "Ila yeye akilia, watu wanacheza."

Msiba ulipoisha, Baba Mkubwa alibaki nyuma. Zamani yeye na mdogo wake walipiga katika bendi moja, kila mmoja na gitaa lake jekundu, yakifanana usiweze kuyatofautisha. Kisha wakakosana, Baba Mkubwa akahamia mbali, na gitaa lake akaliacha kwa mdogo wake. Sasa alisimama mlangoni, macho kitandani.

"Mwanangu, sitaki ugomvi. Lakini hilo ni langu."

"Ni la baba."

"La baba yako lilitengenezwa mwaka uliozaliwa wewe. Langu ni kuukuu zaidi. Twende kwa fundi atazame umri wake. Likiwa rika lako, nakuomba radhi na naondoka zangu."

Binti alikubali, roho mkononi. Kulikosa gitaa kungemuuma, lakini kugundua kwamba baba alimdanganya maisha yake yote kungemuuma zaidi.

Fundi alikuwa mama wa makamo, watu wakimwita Mama Nyuzi. Kibanda chake kilinuka lehemu, na kila rafu ilijaa redio zilizotolewa matumbo. Alipoambiwa mwaka aliozaliwa binti, aliligeuza gitaa, akafuta kibati kilichofunika maungio ya shingo, akaisoma namba polepole. Namba za kiwanda kile alikuwa nazo kichwani, mwaka kwa mwaka.

"Hili limemtangulia huyu binti kuja duniani," akasema. "Tena mbali."

Baba Mkubwa akanyoosha mkono.

"Shusha mkono, mzee, hatujamaliza. Hiki ni kibati tu, kimeshikwa kwa skrubu. Kiwandani vilijazwa sandukuni, mtu akachukua kilichomjia mkononi. Ukitaka umri wa gitaa, fungua shingo. Mafundi wao waliandika tarehe kwa penseli humo ndani."

"Basi fungua."

"Nikifungua, nyuzi lazima zilegee."

"Hapana!" Binti aliweka kiganja juu ya nyuzi. "Hizi alizikaza baba, asubuhi ileile. Hakuna aliyezigusa tena."

Mama Nyuzi akaweka bisibisi mezani.

"Naomba nizisikie," Baba Mkubwa akasema mwishowe, na binti akaondoa mkono. Akagusa uzi mmoja mmoja, kuanzia mnene. Alipofika kwenye ule mwembamba kuliko wote, akacheka huku machozi yakimlengalenga. "Kauacha chini kidogo. Ndiyo zake tangu utoto! Nilikuwa nampiga konzi." Akajifuta pua. "Lichukue, mwanangu. Mimi sihitaji kujua tena."

"Mimi nahitaji," akasema binti. "Fungua, mama."

Nyuzi zikalegea, kila mmoja ukishuka sauti hadi ukazimika. Skrubu zikatoka, shingo ikachomoka. Mama Nyuzi akaisogeza kwenye taa, kisha akachungulia tundu la mwili wa gitaa. Akavua miwani, akaifuta, akatazama upya.

"Nyie mnanichezea. Shingo ni ya zamani, kama kibati. Lakini mwili ni wa mwaka wa huyu binti. Na humu kati mtu ametia kipande cha kadi ili vikae sawa. Hiyo kazi haikufanyika kiwandani."

Yale magitaa mawili yaliharibika lini na vipi, hakuna aliyebaki wa kusimulia. Baba alichukua kilichopona katika kila moja, akaunganisha, akafunga mdomo. Miaka yote ile, katika kila wimbo, mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika shingo ya kaka yake, na kifuani pake ulikuwa umelala mwili wenye umri wa binti yake. Penseli za watu wasiowajua zilikuwa zimeukalia ukweli huo gizani bila kufutika. Baba Mkubwa alivua kofia. Binti alipitisha kidole juu ya mwaka wake, kwa wepesi, kama anayegusa uso wa mtu aliyelala.

"Nirudishe vilevile?" Mama Nyuzi akauliza kwa sauti ya chini.

"Vilevile," wakajibu wote wawili.

Gitaa linakaa kwa binti. Baba Mkubwa huja Jumapili mchana kulipiga, na anamfundisha.