Kiberiti Juu ya Dashibodi

Mimi ndiye yule mzee aliyekwenda ofisi ya leseni kuomba mjukuu wake afelishwe. Nasikia mpaka leo makarani wanakichekea kisa hicho wakinywa chai. Wacheke. Kwao kila kitu ni kicheko, ndiyo maana mambo yamekuwa yalivyo.

Nilijifunza kuendesha nikiwa na miaka kumi na sita, kwenye boza la maji la idara ya barabara. Aliyenifunza ni dereva mmoja mfupi sana, alikalia kigoda cha mbao ili aone mbele, basi jina lake likawa Kigoda. Sharti lake lilikuwa moja tu. Alisimamisha kiberiti wima juu ya dashibodi, kwa ule upande mwembamba, halafu anakwambia, "Haya, ondoa gari." Kiberiti kikianguka, unashuka, unarudi kituoni kwa miguu, na yeye anakupita na boza lake huku akipiga honi.

Nilitembea miezi saba. Viatu viliisha, nikanunua vingine, navyo vikaisha. Aliyekuwa hatembei ni binti yake. Alikuwa na miaka kumi na saba, na Kigoda alimfunza pamoja na mimi, watu waseme wasiseme. Yule binti aliachia klachi kama mtu anayelaza mtoto mchanga. Kiberiti kimya. Akinikuta barabarani anatoa kichwa dirishani: "Vipi, mwenzetu, umefika gia ya ngapi?" Mwishowe nikamuoa, angalau nipate lifti.

Aliendesha basi la watoto wa chekechea miaka ishirini na sita, hakugusa hata kuku. Mwaka juzi, asubuhi, akirudisha basi tupu, aligongwa pale njia panda, hatua themanini kutoka mlangoni kwetu. Najua ni themanini kwa sababu nilizikimbia. Taa za pale zilikuwa zimekufa mwaka mzima kabla ya hapo, na ninapoandika haya bado zimekufa. Wamezivika mifuko ya plastiki vichwani kama watu wanaosubiri kunyongwa. Kijana aliyemgonga alikuwa na leseni ya siku kumi na moja. Hakimu akamuuliza kama aliwahi kuendesha barabarani kabla ya kuipata. Akasema hapana, aliambiwa mengine atajifunzia mbele ya safari. Alikuwa analia. Nilijaribu kumchukia, nikashindwa. Akaitwa mkubwa wa leseni, akasema leseni ilitolewa kwa kufuata utaratibu, kisha akaomba ruhusa aondoke, ana kikao.

Huyo ndiye niliyemchukia bila kujaribu.

Sasa mjukuu wangu. Ni mtoto wa binti yangu, ana miaka kumi na minane, na amekulia kwetu. Yeye na bibi yake walikuwa wakiitana mke mwenza, na mimi ndiye mume waliyemgombania, yaani kila mmoja akimsukumia mwenzake. Siku moja akaja mbio.

"Mume wangu," akasema, na akiniita hivyo najua kuna jambo, "ile shule ya bibi inataka dereva wa basi. Wamenikubali. Naanza baada ya wiki tatu, nikiwa na leseni. Nimeshajiandikisha shule ya udereva."

"Wana gari gani hao?"

"Wana meza."

Nikadhani ananitania. Kesho yake nikaenda mwenyewe. Ni chumba kimoja juu ya duka la kupiga fotokopi, ngazi zimebonyea katikati. Ndani kuna meza kubwa imepakwa rangi ya kijani, imechorwa barabara, mizunguko na vivuko vya miguu. Vijana kumi na wawili wameizunguka, wanasukuma vigari vya kuchezea kwa kidole. Mwalimu ana tai na fimbo ya kuonyeshea.

"Mwalimu," nikasema, "gari liko wapi?"

Akanipeleka dirishani. Uani kulikuwa na gari dogo limepandishwa juu ya mawe, halina magurudumu hata moja. "Lile ni la gia na klachi, mzee."

"Na barabara?"

"Siku hizi tunaanza na nadharia."

"Halafu?"

"Halafu leseni." Akacheka. Na vijana nao wakacheka, mjukuu wangu akiwa miongoni mwao, lakini yeye akaangalia chini.

Niliitazama ile meza tena kabla ya kushuka. Taa zake zote zilikuwa na rangi zote tatu. Haikuwa na shimo, wala mlevi, wala mtu anayepita bila kuangalia. Kwenye mji kama ule hata mimi nilivyo ningeendesha. Maana mimi leseni yangu walikataa kuiongeza, jicho la kushoto limeingia ukungu. Kwangu mimi utaratibu waliukumbuka.

Basi nikampeleka nyuma ya kinu cha unga kilichofungwa. Kuna uwanja wa changarawe, hakuna mtu. Pikapu yangu ni kuukuu lakini inawaka. Nikasimamisha kiberiti juu ya dashibodi.

"Hiki ni cha nini?"

"Hiki ndicho mwalimu. Mimi ni abiria tu. Ondoa gari."

Pikapu ikaruka kama imeng'atwa na nyuki, ikazima. Kiberiti kikamwangukia miguuni.

"Shuka, utembee."

"Babu, acha utani."

"Mimi nimetembea miezi saba."

"Wewe ulikuwa na miezi saba! Mimi nina wiki tatu, na moja imekwisha mezani!" Lakini alishuka, akatembea hadi ukutani na kurudi, amevuta mdomo, kandambili zinapiga kelele kwa makusudi.

Siku ya tano aliweza kuondoka bila kukiangusha, mara moja kati ya kumi. Siku ya tisa mara nne. Kurudi nyuma bado. Kuondoka kwenye mlima bado kabisa. Na kuna jambo lilinitia wasiwasi: kila kiberiti kilipoanguka aliinama kukitafuta, gari likiwa bado linatembea. Nilimgombeza, akasema, "Sawa, babu." Nikaona hilo tutalimaliza wiki ya mwisho.

Wiki ya mwisho tulikuta uwanja umezungushiwa waya. Kuna kibao kinasema eneo limetengwa. Limetengwa kwa kitu gani hawakuandika. Mlinzi akasema hata yeye hajui, ameambiwa tu alinde.

Ndipo nilipokwenda ofisi ya leseni. Nilikaa kwenye benchi toka saa mbili mpaka saa saba, nikaingizwa kwa mkubwa. Ni yule yule wa mahakamani. Hakunitambua.

"Mheshimiwa," nikasema, "mjukuu wangu anafanya mtihani wiki hii. Naomba mumtoe barabarani kweli. Akipandishwa mlima na gari likarudi nyuma, mfelisheni."

Akaweka kalamu chini. "Mzee, watu huja hapa kuniomba watoto wao wapasishwe. Wewe unaomba wako afelishwe?"

"Akistahili."

Akacheka, akamwita karani aje asikie, nikarudia tena kama kasuku. Karani akabonyeza kompyuta. "Huyu mbona ameshafaulu. Jana. Leseni imeshachapwa."

"Jana alikuwa mezani," nikasema. "Barabarani je?"

"Gari la mtihani halina betri tangu mwezi wa pili," mkubwa akasema. "Tumezingatia mazingira. Mzee, furahi. Mpe mtoto hongera."

Nikamwambia mke wangu alikufa kwa mazingira hayo hayo. Akanipa pole. Akaangalia saa.

Nyumbani nilimkuta mjukuu amekaa jikoni, leseni iko mezani, ameiegemeza kwenye kikombe kama picha ya arusi.

"Hukuniambia."

"Ningekwambia ungenikataza."

"Huendi Jumatatu. Hujui kuendesha."

"Najua kwamba sijui, babu." "Lakini nisipokwenda watamchukua mwingine. Yule wa pili kwenye orodha. Naye amepita meza ile ile, na hana hata babu wa kumtembeza kwa miguu. Sasa unataka watoto wapandishwe na nani? Niambie wewe."

Nilirudisha kofia kichwani, nikatoka nje.

Ijumaa nilikwenda kwa mkuu wa shule kumwomba niwe nakaa kando ya dereva, hata mwezi mmoja tu, bure. Akasema bima haimruhusu mtu asiye mfanyakazi. Mtu asiyejua kuendesha, bima inamruhusu.

Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, basi likasimama mlangoni kwetu. Nyuma kulikuwa na watoto tisa, soksi nyeupe, wamejaa kelele. Mjukuu amevaa sweta la bibi yake, mikono imekunjwa mara mbili. Nilifungua mlango wa mbele, nikatoa kiberiti mfukoni, nikakisimamisha juu ya dashibodi.

"Kiberiti cha nyumbani hicho? Chai utapikaje?"

"Nitakunywa maji. Nenda polepole, mke wangu."

"Bibi alikuwa anakwambia hivyo wewe."

Nikafunga mlango. Yeye akapandisha kioo, maana palikuwa na baridi na watoto walikuwa wanakohoa. Basi likaruka, likazima. Watoto wakashangilia. Mara ya pili likazima tena. Ya tatu likaondoka, likapiga kwikwi, nikaona kupitia kioo kiberiti kikianguka.

Na nikaona kichwa chake kikiinama.

Nilipiga kelele. "Kiache! Kiache kianguke!" Nikakimbia. Siku hizi hatua themanini ni nyingi kwangu. Kioo kilikuwa kimefungwa, na watoto walikuwa wanaimba. Kichwa kilikuwa bado chini basi lilipoingia njia panda, chini ya zile taa zilizovikwa mifuko. Lori lililokuwa likitoka kulia lilikwepa, likapanda ukingo wa barabara, honi ikalia mpaka madirisha ya jirani yakafunguliwa.

Basi lilikuwa limeshapita upande wa pili. Kwa kioo cha nyuma niliona kichwa cha mjukuu kinainuka, na kiberiti kikirudishwa mahali pake, wima, kwa uangalifu sana, kama nilivyomfunza. Sidhani alijua kuna lori.

Anapita pale mara nne kwa siku.